Samaki wa Friza na Sukari ya Damu: Sahani Nzima Ndiyo Inayoamua

Meru na Embu ziko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, na Ziwa Viktoria nalo liko upande wa pili wa nchi. Hata hivyo, friza za supamaketi katika miji hiyo miwili zimejaa: ngege wazima waliokakamaa kwa barafu, minofu ya sangara, vibua kutoka ng'ambo, pakiti za kamba waliomenywa, ngisi waliokatwa pete, na vipande vya samaki vilivyovishwa chenga za mkate tayari kutumbukizwa kwenye mafuta. Mteja mwenye kisukari anayesimama mbele ya friza hiyo ameshaambiwa kliniki apunguze wanga, apunguze nyama nyekundu, ale samaki. Hakuambiwa ni samaki yupi.

Swali lake ni zito. Utafiti wa kitaifa wa STEPS, uliofanywa mwaka 2015 na Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na Shirika la Kitaifa la Takwimu, ulionyesha kuwa karibu watu wazima 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu maishani mwao. Wengi hugundua ugonjwa wakiwa wamechelewa: macho yamefifia, miguu imekufa ganzi, au kidonda kimekataa kupona. Mtu aliyebahatika kugunduliwa mapema, akarudi nyumbani Nkubu, Maua, Runyenjes au Siakago na vidonge mkononi, anastahili maelezo kamili kuhusu chakula, kwa kuwa atakula mara tatu kwa siku katika maisha yake yote.

Jibu la kwanza ni fupi. Samaki mtupu hapandishi sukari ya damu kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Kinachoingia damuni kwa haraka kama glukosi ni wanga: ugali, wali, chapati, viazi, ndizi, mkate, uji uliotiwa sukari. Gramu 100 za ngege mbichi zina protini gramu 20 hivi, mafuta yasiyofika gramu 2, kalori 96, na wanga sifuri. Sangara na kambare nao hawana wanga. Kamba ana protini ya kiwango hichohicho na wanga usiofika gramu 1. Hata ngisi, mwenye gramu 3 hivi za wanga, hana cha kumtisha mgonjwa. Kiasi hicho ni kidogo kuliko kilicho katika robo ya kipande cha mkate. Katika jamii ya viumbe wa baharini, wenye wanga wa kuhesabika ni chaza na kome, kwa kuwa huhifadhi nguvu zao kwa namna ya wanga mwilini, lakini nao huishia gramu 4 au 5 kwa kila 100.

Hesabu hubadilika pale kiwanda kinapomwongezea samaki kitu. Vipande vilivyovishwa chenga za mkate hubeba gramu 20 hivi za wanga kwa kila gramu 100, na protini yao hushuka hadi karibu gramu 11, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito ni unga na mafuta. Anayekula gramu 200 amekula wanga wa vipande vitatu vya mkate kabla hajagusa chipsi zilizo pembeni. Vijiti vya kaa wa bandia, vyenye rangi nyekundu upande mmoja, hutengenezwa kwa mnofu wa samaki mweupe uliosagwa ukachanganywa na wanga na sukari. Gramu 100 zake zina wanga wa gramu 15 hivi. Kwa upande wa sukari peke yake, basi, friza nzima inagawanyika mafungu mawili: samaki mtupu na samaki aliyeongezwa unga. Mpaka kati ya mafungu hayo ni mkubwa kuliko tofauti yoyote iliyopo baina ya ngege na kamba, au baina ya samaki wa ziwani na wa baharini.

Tofauti za kweli ndani ya fungu la kwanza zinahusu moyo na shinikizo la damu. Nazo ni muhimu mno, kwa kuwa maradhi ya moyo na kiharusi ndiyo huua wagonjwa wengi wa kisukari.

Tuanze na mafuta. Ngege ana mafuta ya omega-3 kidogo sana, miligramu 100 hivi kwa kila gramu 100 za mnofu. Vibua wa bahari za baridi, wanaoingia nchini wakiwa wamegandishwa na kuandikwa "mackerel" kwenye boksi, wana kati ya gramu 1 na 2 kwa kipimo hichohicho, yaani mara kumi au ishirini zaidi. Samoni yuko katika daraja hilo, ila bei yake humweka mbali na jikoni za watu wengi. Chama cha Kisukari cha Marekani hupendekeza mgonjwa ale samaki angalau mara 2 kwa wiki, hasa wenye mafuta, na sababu yake ni kuukinga moyo.

Hapa inafaa kutenganisha ukweli na matangazo ya wauza vidonge. Omega-3 haishushi sukari. Mwaka 2019 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, waliokusanya majaribio 83 yenye washiriki zaidi ya 120,000, wakakuta kwamba kuongeza omega-3 hakuzuii wala hakutibu kisukari cha aina ya pili kwa kiasi chochote cha maana. Mwaka mmoja kabla yake, jaribio la ASCEND liliwapa wagonjwa wa kisukari vidonge vya gramu 1 vya mafuta ya samaki au vidonge visivyo na dawa. Washiriki walikuwa 15,480. Vidonge hivyo havikupunguza kwa kiwango cha kuaminika mashambulizi ya moyo wala viharusi. Mtu wa Meru anayeshawishiwa kununua chupa ya vidonge hivyo kwa maelfu ya shilingi ili "ashushe sukari" angepata faida zaidi kama pesa hiyo angenunulia samaki mwenyewe. Samaki huja na protini, vitamini D, vitamini B12, seleniamu na ayodini, na zaidi ya yote huchukua nafasi ya kitu kingine kwenye sahani.

Chumvi ndiyo tofauti ya pili, na wengi huipita bila kuiona. Ngege aliyegandishwa mzima ana sodiamu miligramu 50 hivi kwa kila gramu 100. Kamba waliomenywa viwandani mara nyingi hulowekwa katika maji yenye chumvi na fosfeti ili wasipoteze unyevu, na sodiamu yao huweza kuzidi miligramu 500. Mgonjwa wa kisukari mwenye shinikizo la juu la damu, na wako wengi wenye magonjwa hayo mawili kwa pamoja, anaweza kununua pakiti ya kamba akidhani ananunua chakula cha bahari kisichotiwa kitu. Jina la fosfeti au chumvi likionekana katika orodha ya viambato, basi huyo si kamba mtupu tena. Kolesteroli ya kamba, inayofika miligramu 150 au zaidi kwa kila gramu 100, imewatisha watu kwa miaka mingi kuliko inavyostahili, kwa kuwa kamba karibu hana mafuta mabaya yale yanayopandisha kolesteroli ya damu. Chumvi yake ndiyo ya kuangaliwa.

Barafu nayo hununuliwa kwa kilo. Samaki wengi hupakwa maji ya barafu ili wasikauke ndani ya friza, na tabaka hilo likiwa asilimia 20 ya uzito, kilo moja iliyolipiwa inabaki gramu 800 za samaki. Pakiti bora huandika uzito halisi bila barafu.

Je, kugandisha kwenyewe kunaharibu lishe? Hapana, mradi baridi isikatike. Protini haipotei kwenye friza, na madini hubaki karibu yote, isipokuwa kiasi kidogo kinachotoka na maji wakati wa kuyeyusha. Joto la kuhifadhia linapaswa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Mafuta ndiyo huchakaa: polepole hushikwa na hewa na kuanza kunuka. Kwa sababu hiyo ngege na sangara, wasio na mafuta mengi, hubaki na ubora wao kwa miezi 6 hadi 8, ilhali vibua hufaa kuliwa ndani ya miezi 2 au 3. Mnofu wa kibua ulioingia rangi ya njano pembezoni umeshapoteza sehemu ya kile alichonunuliwa kwa ajili yake.

Hatari kubwa zaidi huletwa na kupotea kwa stima. Vibua, jodari na jamaa zao wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na sumu hiyo haiondolewi kwa kupika wala kwa kugandisha upya. Mlaji huwashwa, uso hugeuka mwekundu, kichwa humgonga, wengine hutapika. Mgonjwa anayetumia insulini akitapika chakula alichokwisha kukidungia dawa, sukari yake inaweza kuporomoka vibaya. Kwa hiyo samaki walioshikana bonge moja ndani ya pakiti, au pakiti yenye maji yaliyoganda chini, waachwe dukani: hiyo ni alama kwamba waliyeyuka wakagandishwa tena. Nyumbani, samaki ayeyushwe usiku kucha katika sehemu ya chini ya jokofu, au akiwa ndani ya mfuko uliofungwa katika maji baridi. Asiachwe juu ya meza tangu asubuhi akisubiri chakula cha jioni.

Mgonjwa akishachagua samaki mzuri, bado kazi kubwa inamsubiri mezani. Sahani ya kawaida ya samaki katika hoteli za Meru na Embu ni ngege mzima aliyekaangwa kwenye mafuta mengi, mlima wa ugali, na mboga za kijiko kimoja. Nyumbani Embu, wali wa pishori kutoka Mwea, katika kaunti jirani ya Kirinyaga, huchukua nafasi ya ugali siku za wageni. Gramu 300 za wali uliopikwa zina wanga wa gramu 80 hivi. Ngege aliye pembeni hawezi kuufuta wanga huo. Anachoweza ni kuuchelewesha.

Na namna anavyouchelewesha imepimwa. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2016 katika jarida la Diabetologia matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya pili na watu 10 wasio na ugonjwa. Siku moja walikula wali kwanza, siku nyingine walitanguliza samaki au nyama. Samaki alipotangulia, tumbo lilipitisha chakula polepole zaidi, homoni ya utumbo inayosaidia insulini iliongezeka, na sukari baada ya chakula ilipanda kwa kiasi kidogo. Mwaka 2015, watafiti wa Weill Cornell mjini New York walikuwa wamewapa wagonjwa 11 chakula kilekile kwa mpangilio tofauti, mboga na protini zikitangulia mkate na maji ya machungwa. Sukari yao dakika 60 baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 37 hivi kuliko siku walipoanza na mkate. Majaribio haya ni madogo na ya muda mfupi, lakini yanaelekea upande mmoja, na kuyafuata jikoni hakugharimu hata senti.

Mwongozo unaofundishwa kliniki unapatana nayo: nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi, robo iwe protini, robo iwe wanga. Kwa jikoni ya Meru nusu hiyo ni terere, managu, majani ya kunde, sukuma wiki au kabeji. Robo ya protini ni kipande cha samaki kinachotosha kiganja. Robo ya mwisho inaweza kuwa nduma, ugali wa mtama au wimbi kutoka pande za Mbeere na Tharaka, au githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, kwa kuwa nyuzi za maharagwe nazo hupunguza kasi ya sukari. Mgonjwa aanze na samaki na mboga, wanga aumalizie. Aliyetafuna miraa au muguka mchana kutwa na soda mkononi, njaa ikamrudia usiku mbele ya sinia la wali, samaki hatamwokoa.

Mapishi yana uzito wake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Diabetes Care ulikuta kwamba uhusiano kati ya ulaji wa samaki na hatari ya kupata kisukari haufanani duniani: katika nchi za Asia na Australia ulaji huo uliandamana na hatari ndogo kidogo, huku Marekani ukiandamana na hatari kubwa kidogo. Namna ya kupika imetajwa miongoni mwa sababu zinazowezekana. Ngege wa mchuzi wa nyanya, kitunguu na dania, au aliyechomwa kwa ndimu na kitunguu saumu, hubaki na kalori zake chache. Akipakwa unga na kukaangwa katika mafuta yaliyotumika mara nyingi, anarudi upande wa lile fungu la pili la friza.

Kuna watu wanne wanaohitaji ushauri wa daktari kabla ya kubadilisha sahani. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide akipunguza wanga ghafla bila dozi kurekebishwa anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia. Mwenye figo zilizodhoofika anahitaji kupangiwa kiasi cha protini, na akae mbali na samaki waliotiwa fosfeti. Mjamzito mwenye kisukari cha ujauzito anafaidika sana na samaki, ila aepuke papa na samaki wengine wakubwa wala-samaki, ambao hukusanya zebaki. Na mwenye mzio wa kamba au kaa asijaribu bahati yake.

Samaki hakuwa chakula cha mazoea kwa watu wengi wa mlimani, na wako wazee ambao hadi leo harufu yake huwashinda. Serikali ilijaribu kubadilisha hali hiyo kuanzia mwaka 2009 kwa mpango wa kufufua uchumi, uliolenga kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneobunge 140. Mpango huo ulileta pia viwanda vidogo vinne vya kusindika na kuhifadhi samaki kwa baridi, kimoja kikiwa Imenti Kusini, Meru. Tangu 2018, Meru na Embu zimo katika kaunti 15 za mradi wa ufugaji wa samaki unaofadhiliwa na Serikali ya Kenya na shirika la IFAD la Umoja wa Mataifa. Embu ina bahati ya ziada: mabwawa ya Mto Tana, Masinga, Kamburu na Kiambere yakiwemo, hutoa ngege na kambare ambao wavuvi wa Mbeere huwauza wakiwa wabichi.

Mwishoni mwa 2018 mjadala mkali ulizuka kuhusu ngege waliogandishwa kutoka China, na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akapinga hadharani uagizaji wao. Mjadala ule ulikuwa wa biashara zaidi kuliko lishe. Kwa mgonjwa wa kisukari, ngege wa Kanyakine huko Meru, wa Kiambere na wa ng'ambo wote hawana wanga. Wanatofautiana kwa urefu wa safari, uimara wa baridi njiani na uwezekano wa mnunuzi kujua walikotoka. Katika mambo hayo matatu, samaki wa karibu ana nafasi ya kushinda, lakini tu ikiwa kuna chumba cha baridi kinachofanya kazi na stima isiyokatika.

Kwa familia isiyo na friza wala pesa ya vibua, omena aliyekaushwa yupo sokoni Gakoromone na Embu mjini. Hana wanga, ana protini nyingi kwa bei ndogo, na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake huongeza kalsiamu. Aoshwe vizuri mchanga utoke, apikwe na nyanya, chumvi iwe kidogo.

Uamuzi wa safu hii ni huu. Kwa siku nyingi za wiki, ngege mzima aliyegandishwa bila kuongezwa chochote, au wa kidimbwini, ndiye mwenye faida kubwa kwa pesa ndogo. Mara 1 au 2 kwa wiki, kibua anayebeba omega-3 achukue nafasi yake. Kamba na ngisi ni wa hapa na pale, baada ya kusoma chumvi iliyomo. Vipande vya chenga za mkate na kaa wa bandia wahesabiwe kama mkate, si kama samaki. Serikali za kaunti zivitie nguvu vyumba vya baridi na ziwapeleke maafisa wa lishe sokoni, si kliniki pekee. Nawe msomaji mwenye kipima sukari nyumbani, pima kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza, andika ulichokula na ulichoanza nacho, kisha upeleke daftari hilo kliniki siku ya miadi.